Moshi Ukamatwe Uzaliwapo: Namna ya Kuchagua Mtambo wa Kuvuta Mafusho Karakanani

Tumfikirie fundi wa kuchomelea katika jiji la Dodoma. Siku ya Jumatatu amepokea kazi ya kutengeneza geti kwa mabomba yaliyopakwa zinki, yale meupe yasiyoshika kutu upesi. Mchana kutwa amefanya kazi ndani ya karakana, na mlango ameusindika ili kuzuia vumbi la barabarani. Ifikapo saa mbili usiku koo linamkauka, kinywani anasikia ladha ya chuma, viungo vinamuuma, kisha baridi inamshika na homa inapanda. Jamaa zake wanasema, "Ni malaria hiyo." Baada ya siku moja au mbili amepona, naye anarudi kazini bila ya kuuliza zaidi.

Huenda kweli ni malaria, na damu haina budi kupimwa. Lakini ikiwa damu haina vijidudu, basi ugonjwa huo huenda ukawa ni homa ya mafusho ya metali, inayotokana na kuvuta hewa yenye oksaidi ya zinki. Homa hii ina tabia ya ajabu: hupenda kushika siku ya kwanza ya juma. Mtu avutaye mafusho hayo kila siku mwili wake hujizoeza kwa muda mfupi. Akipumzika siku mbili mazoea hayo hupotea, na Jumatatu huanza upya.

Homa hiyo hupita. Yapo madhara mengine yasiyopita upesi, na yasiyotoa ishara mapema. Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilisema kwamba mafusho ya kuchomelea huenda yakasababisha saratani. Mwaka 2017, baada ya uchunguzi zaidi, shirika hilo liliyahamishia kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitika kuwa husababisha saratani kwa binadamu.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa uwanda wa kati. Tangu mwaka 1973 ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na hasa baada ya Serikali kuanza kuhamia huko kwa nguvu mwaka 2016, ujenzi umeongezeka mno. Kila nyumba mpya yataka geti, madirisha ya vyuma na nondo za kuzuia wezi. Vijana wengi wahitimu wa shule zetu watapata riziki zao katika karakana hizo. Yafaa basi wajue swali ambalo kila mwenye karakana atakabiliana nalo siku moja: ni mtambo gani wa kuvuta mafusho unaofaa kununuliwa? Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali hilo hujibiwa kwa fizikia ya darasani kabla ya kujibiwa kwa fedha.

MAFUSHO NI KITU GANI?

Joto la cheche ya umeme ya kuchomelea hufikia maelfu ya nyuzi za Selsiasi. Chuma huyeyuka katika nyuzi 1500 hivi. Zinki huchemka katika nyuzi 907 tu. Kwa hiyo kabla chuma hakijayeyuka, zinki iliyopakwa juu yake imekwisha kuwa mvuke. Mvuke huo, pamoja na ule utokao katika kijiti cha kuchomelea, hupanda, hukutana na oksijeni ya hewa, hupoa ghafla na kuganda kuwa chembechembe ndogo mno. Chembechembe hizo ndizo zionekanazo kama moshi. Yafaa ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya mafusho hutoka katika kijiti, si katika chuma kinachoungwa. Katika kazi ya chuma cha kawaida mna oksaidi za chuma na za manganizi. Katika chuma cha pua, kinachopendwa siku hizi kwa vishikio vya ngazi, mna pia kromiamu na nikeli, ambazo ni hatari zaidi.

Nyingi za chembe hizo hazifikii ukubwa wa mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Vumbi kubwa, la zaidi ya mikroni 10, hunaswa puani na kooni. Chembe za mafusho hupita na kufika ndani kabisa ya mapafu. Wala haziteremki upesi. Chembe ya mikroni moja yenye uzito sawa na tone la maji la ukubwa huo, ikiwa katika hewa iliyotulia, huanguka kiasi cha sentimita 12 au 13 tu kwa saa nzima. Asemaye, "Tungoje moshi utue," atangoja hata kesho.

Mafundi wengi hunywa maziwa jioni wakiamini kwamba huosha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini njia ya chakula na njia ya hewa ni mbili mbalimbali. Maziwa huteremka tumboni. Mafusho yamo mapafuni. Kitambaa kilichofungwa puani nacho hakizuii chembe ndogo kiasi hicho.

KABLA YA KUNUNUA CHO CHOTE

Mtambo ulio bora ni ule ambao hukuuhitaji. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupunguza mafusho yenyewe. Zinki au rangi iliyo mahali pa kuungia ikwanguliwe kabla ya kuwasha moto. Chuma kilichosafishwa kwa dawa ya kuondoa mafuta kikauke kabisa, kwani baadhi ya dawa hizo zenye klorini, zikikutana na mwanga na joto la cheche, hutoa gesi ya sumu iitwayo fosijeni. Umeme nao usizidishwe kupita kiasi cha kazi, maana kadiri umeme unavyozidi ndivyo mafusho yanavyozidi.

Jambo la pili ni mahali pa kusimama. Mafundi wengi wa Dodoma hufanya kazi uani au chini ya mti, nao hudhani kwamba upepo wenyewe watosha. Upepo husaidia, lakini hutegemea mwili umeelekea wapi. Fundi akiupa upepo mgongo, hewa hupita pande mbili za mwili wake na kufanya kizingia mbele ya kifua, nacho huyarudisha mafusho usoni. Akiuelekea upepo, mafusho humjia moja kwa moja. Njia iliyo bora ni upepo upite ubavuni. Katika uwanda wa Dodoma upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Basi fundi aelekeapo kaskazini au kusini, aghalabu mafusho yatachukuliwa upande. Ushauri huu hauna gharama yo yote.

Lakini kazi ya ndani yahitaji mtambo.

KUPULIZA SI SAWA NA KUNYONYA

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nao hupoteza fedha. Hebu mwanafunzi anyooshe mkono, kisha aupulizie kiganja chake. Atasikia upepo. Sasa anyonye hewa kwa nguvu ile ile, kiganja kikiwa mahali pale pale. Hasikii kitu. Kinywa ni kile kile na mapafu ni yale yale. Tofauti yatoka wapi?

Hewa ipulizwayo hutoka kama mkuki: hushika njia moja na kwenda mbali. Hewa inyonywayo huja kutoka pande zote kwa pamoja, mbele, kando, hata nyuma ya mdomo wa bomba. Wahandisi wamepima kwamba hewa itokayo katika bomba kwa kupulizwa bado ina sehemu moja ya kumi ya mwendo wake ikiwa imekwenda umbali wa vipenyo 30 vya bomba hilo. Kwa kunyonya, mwendo hushuka hata sehemu moja ya kumi katika umbali wa kipenyo kimoja tu.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa feni ya mezani na dawa ya mbu ya kuchoma. Moshi ukiwekwa mbele ya feni, hata mita tatu, hutawanyika. Ukiwekwa nyuma ya feni, mita moja tu, hupanda wima kana kwamba feni haipo. Pangaboi la darini nalo halitoi kitu nje, hukoroga tu. Huuchukua moshi uliokuwa kwa mtu mmoja na kuwagawia wote waliomo.

HESABU YA UMBALI

Katika miaka ya 1930 mhandisi wa Marekani aitwaye DallaValle alipima mwendo wa hewa mbele ya midomo ya kunyonyea, akapata kanuni ambayo hutumika hata leo:

Q = V (10X² + A)

Hapa Q ni ujazo wa hewa inayohitajika kwa sekunde. V ni mwendo wa hewa utakiwao mahali mafusho yanapozaliwa. X ni umbali kutoka mdomo wa kunyonyea hadi mahali hapo. Na A ni eneo la mdomo huo. Kwa kazi ya kuchomelea, V ya nusu mita kwa sekunde kwa kawaida hutosha. Ikizidi mno itapeperusha gesi inayokinga mshono katika mashine za waya.

Tuchukue mdomo wenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 15, yaani eneo la mita za mraba 0.03. Ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye moto:

Q = 0.5 (10 × 0.0225 + 0.03) = mita za ujazo 0.13 kwa sekunde, takriban.

Ukiwekwa sentimita 30:

Q = 0.5 (10 × 0.09 + 0.03) = mita za ujazo 0.47.

Ukiwekwa sentimita 60:

Q = 0.5 (10 × 0.36 + 0.03) = mita za ujazo 1.8.

Tazama basi: kila umbali unapozidishwa mara mbili, hewa inayohitajika huzidi karibu mara nne. Aliyeweka mdomo sentimita 60 kutoka kwenye kazi ahitaji feni yenye kuvuta hewa mara kumi na nne kuliko ya jirani yake aliyeweka sentimita 15. Feni kubwa yataka bei kubwa, na kila mwezi umeme wake hulipiwa. Ukingo bapa ukizungushiwa mdomo, hewa haiji tena kutoka nyuma, na mahitaji hupungua kwa karibu robo. Kipande cha bati chatosha kwa kazi hiyo.

Sasa tulinganishe na njia ya kubadilisha hewa ya chumba kizima. Karakana yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kimo cha mita 4 ina mita za ujazo 320. Kubadilisha hewa yake mara kumi kwa saa kwahitaji mita za ujazo 0.89 kwa sekunde, yaani karibu mara saba ya ile inayohitajiwa na mdomo ulio sentimita 15. Na baada ya gharama yote hiyo, fundi aliyeinamia kazi bado anavuta mafusho kabla hayajachanganyika na hewa ya chumba. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Na moshi ni hivyo hivyo: hukamatika ungali karibu na moto, ukishaenea, hakuna feni iwezayo kuukusanya.

KILA MTAMBO NA MAHALI PAKE

Kofia ya juu. Hii huning'inizwa juu ya kazi, na bomba lake hutokea paani. Yafaa sana kwa tanuri la mhunzi, ambapo joto hupandisha moshi lenyewe na mtu husimama kando. Kwa mchomeleaji haifai, kwa sababu kichwa chake kipo kati ya moto na kofia. Mafusho yakielekea kwenye kofia hupitia puani mwake. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kuchagua: pua ya mtu isiwe njiani.

Meza ya kunyonyea. Hii ina matundu juu yake au ubavuni. Ni nzuri kwa kazi ndogo ndogo zinazorudiwa, kama bawaba na vipande vya viti. Kazi kubwa ikilazwa juu yake huyaziba matundu.

Mkono wa kunyonyea. Hili ni bomba lipindikalo lenye kofia mwishoni. Lafaa kwa kazi kubwa kama geti, ila kwa sharti moja: fundi ausogeze mkono kila anaposogeza kazi. Mkono mgumu kusogezwa, baada ya juma moja utaachwa ukining'inia mbali, na hesabu yetu imekwisha kutuonyesha matokeo yake. Kabla ya kununua, fundi mwenyewe aujaribu kwa mkono mmoja.

Mdomo uliofungwa katika kishikio cha kuchomelea. Huu huwa karibu siku zote, kwani huenda kila uendapo mkono. Lakini ni wa mashine za waya, nao huongeza uzito wa kishikio.

Si kila mafusho hupanda, hata hivyo. Dodoma ni nchi ya zabibu. Zabibu zichachapo katika mapipa ya kiwanda cha mvinyo hutoa kaboni dayoksaidi, gesi iliyo nzito mara moja na nusu kuliko hewa, isiyoonekana wala kunuka inapochachuka. Hukusanyika katika mashimo na sehemu za chini, nayo yaweza kumwua mtu ateremkaye humo bila ya kupima hewa. Huko mdomo wa kunyonyea huwekwa karibu na sakafu. Mivuke ya petroli na ya dawa za kupunguza rangi pia ni mizito kuliko hewa, tena hushika moto. Feni yake lazima iwe ya aina isiyotoa cheche. Kwa hiyo anayetaka kununua aanze kwa kuuliza: mafusho haya ni nini, huzaliwa wapi, na huelekea wapi?

KICHUJIO AU DOHANI?

Hewa iliyovutwa yaweza kutolewa nje kwa dohani, au kuchujwa na kurudishwa chumbani. Katika nchi za baridi watu hupenda kuirudisha ili wasipoteze joto walilolilipia. Dodoma haina shida hiyo. Tena kichujio cha chembechembe hakizuii gesi: kaboni monoksaidi, ozoni na oksaidi za naitrojeni hupita na kumrudia mtu. Kwa karakana nyingi za kwetu, basi, dohani iendayo juu ya paa ni bora, mradi mdomo wake usielekee dirisha la jirani, wala usiwe upande wa upepo unakotoka.

Bomba nalo liwe na kipimo. Mwendo wa mita 10 kwa sekunde hivi hutosha kuzuia mafusho yasitue njiani. Kwa mfano wetu wa mita za ujazo 0.13, bomba la kipenyo cha karibu sentimita 13 latosha. Likiwa jembamba mno, feni huelemewa. Likiwa pana mno, mafusho hutuama ndani yake. Kona ziwe chache na za mviringo. Na hewa itokayo haina budi kupata nyingine ya kuingia badala yake. Chumba kilichofungwa kabisa huikaba feni kama mtu anyonyaye chupa tupu. Tundu la kuingizia hewa liwe nyuma ya fundi au ubavuni, mbali na dohani, na lisilete upepo mkali wa kuyapeperusha mafusho kabla hayajavutwa.

HEWA YA UWANDA WA KATI

Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka huko katika nyuzi 96 hivi badala ya 100, na wanafunzi wenye kipimajoto waweza kuhakikisha jambo hilo. Sababu yake ni kwamba kanieneo ya hewa ni ndogo. Mita moja ya ujazo ya hewa katika nyuzi 25 ina uzito wa kilo 1.04 hivi, hali vitabu vya watengenezaji wa feni huhesabu kilo 1.2. Feni huvuta ujazo ule ule, lakini nguvu yake ya kushinda vizuizi hupungua kwa karibu asilimia 14. Kizuizi cha bomba tupu nacho hupungua pamoja na uzito wa hewa, kwa hiyo hapo hasara si kubwa. Kizuizi cha kichujio kizito hakipungui hivyo. Mota nazo hupozwa na hewa hiyo hiyo nyepesi, na nyingi zimepimwa kwa matumizi yasiyozidi mita 1,000. Mnunuzi amwambie muuzaji kimo cha mahali mtambo utakapokaa.

Kuna pia vumbi la kiangazi, ambacho huko hudumu tangu Mei hadi Novemba. Kichujio kinachodumu miezi mingi mahali pengine chaweza kuziba mapema zaidi. Anayenunua mtambo wenye kichujio aulize bei ya kichujio cha pili kabla ya kulipia cha kwanza.

UTAJUAJE KUWA WAFANYA KAZI?

Sauti ya feni si ushahidi. Washa kipande cha dawa ya mbu mahali pa kuchomelea, kabla ya kazi kuanza, utazame moshi unaelekea wapi. Ukiingia wote mdomoni, vema. Ukisitasita au kupinda kuelekea usoni, sogeza mdomo. Jaribio hili lifanywe kila Jumatatu. Kinyago cha kuchujia chembechembe, kile kinachobana uso barabara, kiwe msaada wa mwisho kwa kazi ambayo mtambo hauifikii, kisiwe badala ya mtambo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humpa mwajiri jukumu la kulinda afya ya wafanyakazi wake. Lakini sheria haisimami kando ya fundi kila saa. Anayesimama pale ni fundi mwenyewe, au kijana anayemshikia bomba ili ajifunze kazi. Kijana huyo hachagui mtambo, wala haulizwi. Naye ndiye mwenye miaka mingi zaidi ya kupumua mbele yake. Mwenye karakana akumbuke hilo siku aendapo dukani, na achukue futi yake ya kupimia pamoja na fedha zake.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Tumia kanuni ya DallaValle kutafuta hewa inayohitajika iwapo mdomo wa mfano wetu umewekwa sentimita 25 kutoka kwenye moto. (Jibu: mita za ujazo 0.33 kwa sekunde, takriban.)

2. Kwa nini pangaboi huweza kumburudisha mtu lakini haliwezi kumkinga na mafusho?

3. Tembeleeni karakana iliyo karibu na shule yenu, kwa idhini ya mwenyewe. Chora mchoro ukionyesha moto, kichwa cha fundi, milango na upande upepo unakotoka. Je, ungeweka wapi mdomo wa kunyonyea, na kwa sababu gani?